Nimeuza friji yangu Facebook, kwani KRA wanidai?

Mwezi huu barua zimekuwa nyingi, na karibu zote ni jambo moja. Watu wanauza vitu vyao vya nyumbani mtandaoni, friji, kitanda, simu, baiskeli ya mtoto, alafu pesa ikishaingia M-Pesa ndo wanaanza kuingiwa na baridi. Sababu naijua. Kuna watu wanazunguka huku kwetu, Malindi mpaka Amu, yaani Lamu, wanawaambia wazee ati kitu chochote kikiuzwa kwa simu serikali yakata kodi kupitia KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na wao ndo wanajua njia ya kukusafishia kwa elfu mbili elfu tatu. Jambo hili limeniuma sana manake wanaolipa ni wale wasio na kitu, kwa hivyo leo najibu kwa urefu, na mwenye mzazi nyumbani amsomee.

*Assalaam aleikum Bi Mhasibu. Mimi ni mama wa miaka 63, nakaa Langoni, Amu. Mwezi wa Rajabu binti yangu alinambia nihamie kwake Malindi manake ngazi za nyumba zimenishinda magoti. Kijana wangu wa mwisho akapiga picha vyombo akaviweka Facebook na kwenye grupu la WhatsApp la kuuziana vitu, friji, jiko la gesi na mtungi wake, makabati mawili na samadari ya marehemu mume wangu. Vyote vimeondoka kwa wiki tatu, jumla nimepata 61,500. Friji peke yake nilinunua 48,000 mwaka 2019, nimeiuza 22,000. Sasa jamaa mmoja wa saiba kamwambia mwanangu natakiwa nilipe asilimia 16 na juu yake asilimia 3, la sivyo laini yangu ya M-Pesa itafungwa, na yeye ataka 2,500 anisafishie. Nilipe? Sijalala vizuri.*

Waaleikum salaam mama, na shikamoo. Usimpe hata shilingi moja. Huna kodi ya kulipa kwa vyombo hivyo, na nitakueleza kwa nini ili mtu mwengine akija na hadithi kama hiyo umjibu mwenyewe.

Kodi ya mapato inafuata mapato, yaani faida ya biashara, mshahara, pesa ya nyumba unayopangisha, vitu kama hivyo. Wewe friji uliinunua uweke maji ya baridi na samaki, ukaitumia miaka, ukaiuza kwa hasara ya 26,000. Hapo faida iko wapi? Hata samadari, tuseme imepata bei nzuri kuliko alivyoinunua marehemu, bado si biashara, ni kitu cha nyumbani kimetoka nyumbani. Na ile kodi ya faida ya mtaji ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, hiyo yatembea kwenye ardhi, majumba na hisa, haikufuati chumbani kwako kuhesabu makabati.

Sasa hizo asilimia alizozitaja. Jamaa hakuzibuni, zipo, ila si zako. Asilimia 16 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na anayeitoza ni mfanyabiashara aliyesajiliwa, sheria yamlazimu kujisajili mauzo yake yakifika milioni 5 kwa miezi 12. Asilimia 3 ni ile kodi ya mauzo wanayoiita TOT, ni ya biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 mpaka milioni 25 kwa mwaka. Zote mbili zinaanza na neno biashara, na wewe umehama nyumba tu mama yangu.

Na laini ya M-Pesa haifungwi kwa sababu umeuza friji. Kuna ushuru ndani ya M-Pesa kweli, lakini uko kwenye ile ada ya kutuma na kutoa, tangu Julai 2023 ni asilimia 15 ya ada, si ya pesa yako. Ada ikiwa shilingi 100 ushuru wahesabiwa kwa hiyo 100, na ushakatwa zamani wala hukuona. Hakuna mtu wa kuja kukata tena.

Nina mambo mawili ya kukuomba lakini. La kwanza, una PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, si ile ya siri ya M-Pesa? Wazee wengi walifunguliwa PIN wakati wa kufungua akaunti au kuandikisha shamba, wakasahau. Mwenye PIN iliyowekewa wajibu wa kodi ya mapato anatakiwa ajaze ritani, ile fomu ya kutangaza mapato, kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hana pato, anajaza ya sifuri. Usipojaza faini ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa. Hapa ndipo wazee wetu wanapopigwa, si kwenye friji. Kijana wako aingie iTax, ule mtandao wa kodi wa KRA, aangalie, ni bure, na akishindwa twende naye ofisini.

La pili ni karatasi. Wewe hudaiwi, lakini siku mtu wa KRA akiuliza hizi 61,500 zilitoka wapi, sheria yamtaka mwenye pesa ndo aeleze, si afisa athibitishe. Wakikagua mtu huwa wanashika taarifa ya M-Pesa au ya benki, na kila pesa iliyoingia isiyokuwa na maelezo waweza kuihesabu ni mauzo. Kwa hivyo chukua daftari la mjukuu, ukurasa mmoja tu, andika: friji, imenunuliwa 2019 kwa 48,000, imeuzwa tarehe fulani kwa 22,000, aliyelipa ni namba fulani. Teremka mpaka chini. Zile picha kijana alizoposti usizifute, zaonyesha friji iko jikoni kwako na sufuria juu yake, ushahidi mzuri sana huo. Na risiti za zamani zipige picha leo leo, manake zile karatasi za mashine hazivumilii joto letu la pwani. Yangu ya friji niliifungia kwenye droo, baada ya miaka miwili nikaitoa nyeupe tupu, hata jina la duka halikuonekana, imebaki alama ya kidole changu tu. Kumbukumbu za kodi sheria yataka zikae miaka 5.

Karibu Malindi mama, na magoti yapate nafuu.

*Vipi dadangu, mi niko Barani hapa Malindi. Nilianza kwa kuuza simu yangu mwenyewe, ikaondoka siku hiyo hiyo, nikaona hii ni kazi. Nikanunua mbili kwa mtu aliyekuwa anahama, nikabadilisha vioo nikauza. Sasa ni kama simu kumi kwa mwezi, wastani nanunua 10,500 nauza 12,000, na kwa mwezi zanitoka kama 3,000 za bando, nauli na vioo. Mi nasema ni sekondi hendi kwa hivyo si biashara, rafiki yangu asema ni biashara. Nani yuko sawa?*

Rafiki yako. Na shukuru kuwa na rafiki wa kukwambia ukweli mapema.

Ndugu yangu, sekondi hendi ni hali ya kitu, haihusiani na kodi. Kinachoangaliwa ni ulinunua kwa nia gani. Ile simu yako ya kwanza ulinunua upige nayo, ukaichoka ukaiuza, hiyo ni kama friji ya mama wa Langoni, itoe kabisa kwenye hesabu. Zile mbili ulizonunua kwa aliyekuwa anahama ulizinunua uziuze, na hapo hapo mlango wa biashara ukafunguka, hata kama zingekuwa hizo mbili tu na usirudie tena, manake Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inahesabu hata dili moja lenye sura ya biashara. Wakikupima wataangalia kitu kimekaa kwako muda gani, unarudia mara ngapi, umekitengeneza ili bei yake ipande, na unakitangaza vipi. Wewe zote zakukamata, vioo vyenyewe umenitajia.

Sasa tufanye hesabu, manake hapa pana jambo wengi hawalioni. Simu 10 kwa 12,000 ni 120,000 kwa mwezi, kwa mwaka 1,440,000. Umepita milioni 1, kwa hivyo umeingia kwenye TOT, asilimia 3 ya mauzo, yaani 3,600 kila mwezi, unajaza na kulipa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mwaka ni 43,200. TOT haiulizi simu ulinunua kwa ngapi. Haiulizi kioo. Yakata juu ya pesa yote iliyopita mkononi mwako.

Faida yako ni ngapi? 1,500 mara 10 ni 15,000, toa zile 3,000, wabaki na 12,000 kwa mwezi, kwa mwaka 144,000. Ukilipa TOT 43,200 umetoa asilimia 30 ya faida yako. Mtu wa faida nyembamba kama wewe TOT yamuumiza kuliko mtu anayenunua kwa 4,000 akauza 12,000.

Sheria yakuruhusu kumwandikia Kamishna kuwa hutaki TOT, wataka kulipa kodi ya kawaida juu ya faida. Huko ngazi ya kwanza ni asilimia 10 mpaka 288,000 kwa mwaka, na kila mkaazi ana afueni, yaani punguzo kwenye kodi yenyewe, ya 28,800 kwa mwaka. Faida yako 144,000, asilimia 10 ni 14,400, afueni yaimeza yote, kodi sifuri. Sifuri! Mpaka ufike faida ya 288,000 kwa mwaka, ikiwa huna pato jengine, huna cha kulipa.

Ila usikimbilie, sikiliza na upande wa pili. Kodi ya kawaida yataka hesabu safi, na tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, KRA wanaikataa. Sasa wewe unanunua kwa watu wa mtaani, nani atakupa eTIMS? Marekebisho yaliyoanza mwisho wa Desemba 2024 yamewapa wanunuzi njia ya kutoa ankara wao wenyewe wakinunua kwa wadogo wasiofikisha milioni 5, lakini kabla hujaandika barua nenda ukae na afisa ofisini na daftari lako, umwonyeshe jinsi unavyonunua, akwambie kwa mdomo wake gharama zako zitapita vipi. Wakikukatalia zile 10,500 basi faida yako kwao itaonekana ni kama mauzo yote, na hapo TOT ndo itakuwa nafuu. Nasema haya kwa sababu nimeona vijana wazuri wamechagua njia kwa kusikia, wakaja kuletewa bili ambayo hata wakiuza duka haitoshi.

Mengine kwa haraka. Leseni ya kaunti ni kitu chengine mbali na KRA, ukiwa na meza au kibanda Kaunti ya Kilifi watakuuliza. Ukiuza kwenye jukwaa la mtandaoni ambalo lenyewe ndo lapokea pesa ya mteja kisha lakutumia wewe, tangu 27 Desemba 2024 mwenye jukwaa anatakiwa akate asilimia 5 kabla hajakulipa, chunga hiyo cheti cha makato usiipoteze. Facebook na WhatsApp mteja anakulipa mwenyewe moja kwa moja, kwa hivyo hilo halikugusi. Na tafadhali sana, kila simu unayonunua chukua picha ya kitambulisho cha muuzaji na uandike IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu. Simu ya wizi ikikutwa kwako shida yake si ya kodi tena.

*Mimi ni mwalimu, Gede. Mshahara ni 48,000 kabla ya makato. Nilianza kuuza nguo za watoto wangu zilizowabana, kwa wazazi wenzangu kwenye stetasi ya WhatsApp. Zikaisha, wateja wakawa bado waniuliza, basi naenda soko la Malindi asubuhi nachagua kamera, zile mitumba zilizo bora, nazifua, napiga pasi, naposti. Kwa mwezi nauza kama 15,000 na nikitoa mtaji na gharama nabaki na 5,000. Sijafika milioni, kwa hivyo niko huru, au vipi?*

Mwalimu, TOT uko huru, kodi hauko huru. Hapa watu wengi wanateleza, wanasikia "chini ya milioni 1" wanadhani ni msamaha. Sio msamaha, ni kwamba faida yako inarudi kwenye ritani ya kawaida ya mwaka, pamoja na mshahara.

Nguo za watoto wako zitoe, hizo ni zako. Kamera za sokoni ni biashara. Faida 5,000 kwa miezi 12 ni 60,000. Kijana wa Barani afueni ilimsaidia, wewe afueni yako mwajiri ashaitumia kwenye mshahara, na pato linalozidi 32,333 kwa mwezi linakatwa asilimia 30. Kwa hivyo hizo 60,000 zinakalia ngazi ya asilimia 30, ni 18,000. Najua ni uchungu, ukifikiria na ile kuamka alfajiri kugombania kamera. Lakini ndo hesabu, na nisingependa uambiwe na mtu mwengine baada ya miaka 3 ikiwa na faini na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Kinachoweza kukupunguzia ni gharama zako halali, mtaji wa nguo, nauli, sabuni, mifuko, na usisahau lile suala la eTIMS nililomweleza kijana hapo juu. Kodi yako ikiwa haizidi 40,000 hulazimiki kulipa kwa awamu katikati ya mwaka, unalipa baki kabla ya 30 Aprili na ritani unajaza kabla ya 30 Juni ukiwa na ile P9 ya mwajiri, fomu inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka. Jambo moja ufanye kesho: chukua laini nyengine au Till ya biashara, pesa ya nguo ipite huko peke yake, isichanganyike na michango ya harusi na pesa za chama. Nimewahi kumsaidia mwalimu mwenzako kutenganisha miezi 12 ya M-Pesa moja moja kwa kalamu nyekundu na ya buluu, tulimaliza siku mbili nzima na bado kuna pesa hakumbuki ni za nini.

*Salaam Bi Mhasibu. Sisi ni wa Mkomani. Bibi yetu ametuachia kiti cha enzi cha zamani sana, na vipande vya mlango wa kuchongwa wa nyumba yetu iliyoanguka. Nilipoweka picha Instagram, Mtaliano mmoja aliyekuwa akiishi Malindi akasema atatoa 180,000 kwa kiti, na mlango tuongee. Ataka nimtumie kwao. Kodi yake ni ngapi?*

Kodi ni jambo dogo hapa, dadangu, wacha nilimalize nifike kwenye lile kubwa. Kenya haina kodi ya urithi, na kiti cha nyumbani hakimo kwenye kodi ya faida ya mtaji kama nilivyosema juu, kwa hivyo pesa hiyo haina kodi madhali hamfanyi kazi ya kununua na kuuza vya kale. Igawanyeni kwa mirathi, na kama kuna mrithi hajaridhia, kwa Kadhi kwanza kabla kiti hakijatoka ukumbini.

Jambo kubwa ni hili. Kuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale kisheria, na mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa, uwe kwenye nyumba nzima au kwenye kifusi. Kukitoa nchini bila kibali ni kosa la jinai, haijalishi kiti ni chenu na mna karatasi ya mirathi. Na sio nje ya nchi tu, hata kabla ya kuuhamisha mlango kutoka Amu nendeni Makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, na picha mkononi, mwaambie wenyewe waje waangalie.

Kiangalieni na kiti chenyewe kwa karibu. Vile viti vya enzi vyenye mgongo mrefu, kamba imesukwa kwenye mgongo na kikalio, mara nyingi vimepachikwa vipande vidogo vyeupe kwenye mti mweusi. Vipande vyengine ni mfupa. Vyengine ni pembe ya ndovu, na hapo mnaingia kwenye sheria ya wanyamapori ya 2013, ambayo adhabu zake ni nzito sana, na kuposti Instagram kitu chenye pembe ni kujitangaza. Hivyo hivyo kwa mwenye kichana au kijisanduku cha gamba la kasa, watu wanaviposti kama mapambo tu, jamani viondoeni, kasa ni mnyama anayelindwa.

Naomba uitoe ile picha ya mlango leo mpaka watu wa Makumbusho wamesema neno lao. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kilichoupeleka huko ni hivi vitu vya mabibi zetu. Nilipoangalia zile picha ulizonitumia, ile nakshi ya maua kwenye kizingiti cha juu, kuna upande patasi imeteleza kidogo na fundi akaigeuza ikawa jani. Nimeikuza ile picha kwenye simu mara kadhaa. Kuuza ni haki yenu, mna shida zenu wala siwezi kuwahukumu, lakini ulizeni na kama kuna mnunuzi wa hapa hapa.

*Bi Mhasibu, ndugu yangu yuko Marekani, aliuza viatu na gita kwenye eBay akaogopa ataletewa fomu ya 1099-K ya kodi. Mimi nauza vitu vyangu huku Mambrui, nayo itanifikia?*

Haikufikii kaka. Hiyo ni sheria ya kwao, fomu ambayo kampuni inayopitisha malipo yampelekea muuzaji na mamlaka ya kodi ya Marekani. Ilikuwa kwa anayepita dola 20,000 na mauzo 200, sheria ya 2021 ikataka kushusha mpaka dola 600, wakaahirisha mara kadhaa, na Julai 2025 wakarudisha ile ile ya 20,000 na 200. Mwambie ndugu yako fomu ni taarifa tu, sio bili, gita lake akiliuza chini ya alivyolinunua hana faida ya kukatwa kodi, atunze risiti. Uingereza nao tangu Januari 2024 majukwaa yanaripoti mtu akifika mauzo 30 au akipita kama pauni 1,700 kwa mwaka, na huko pia kabati lako la zamani si biashara. Wewe wa Mambrui fuata niliyomwambia mama wa Langoni.

*Mimi ni mvuvi wa Ngomeni. Nauza injini ya boti ya nguvu 15, imefanya kazi miaka 6, nimeiposti kwenye grupu la wavuvi. Hiyo ni ya nyumbani au ya biashara?*

Ni ya kazi, mzee wangu, lakini usiogope. Swali ni moja, je uvuvi wako huwa wauwekea hesabu KRA, na ile injini uliikatia uchakavu kila mwaka, yaani ulitoa thamani ya kuchakaa kwake kwenye pato? Kama ndio, pesa utakayouza lazima irudi kwenye hesabu hiyo hiyo, ipunguze thamani iliyobaki kwenye vitabu, na ikizidi hapo ziada ndo yahesabiwa pato. Mwenye kukufanyia hesabu ataweka mstari mmoja tu. Kama hujawahi kuikatia chochote na umeiuza chini ya bei ya kununua, hakuna faida hapo. Muandikiane karatasi na mnunuzi, namba ya injini iwemo, na shahidi mmoja wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya bandari yenu.

*Dada, mimi nishamlipa yule mtu 3,000 mwezi uliopita, aliniambia amenisafishia kodi ya kuuza kitanda na televisheni. Alichukua PIN yangu na paswadi ya iTax. Niko Muyeye. Sasa nifanyeje?*

Pole sana mwanangu, kosa si lako, ulitaka kufanya mambo sawa. Zile 3,000 tuziwache kwanza, kinachonitia hofu ni paswadi. Mwenye PIN na paswadi yako anaweza kujaza ritani yoyote kwa jina lako, kukuongezea wajibu wa TOT au VAT ambao kila mwezi utakudai ritani, hata kubadilisha barua pepe ili ujumbe wa KRA usikufikie wewe.

Ingia iTax sasa hivi badilisha paswadi. Alafu angalia vitu vitatu: barua pepe na namba ya simu ni zako, wajibu ulioandikwa kwenye PIN ni kodi ya mapato peke yake, na ritani zilizojazwa mwaka huu ni zipi. Kama paswadi inakataa ina maana ashabadilisha, usihangaike nayo kwa simu, chukua kitambulisho chako uende ofisi ya KRA au Huduma Centre ukabadilishiwe barua pepe ana kwa ana. Ukikuta wajibu hukuuomba, mwambie afisa auondoe na umpe ule ujumbe wa M-Pesa uliomlipia yule jamaa, manake una jina lake na tarehe. Kisha piga ripoti polisi upate namba ya OB, ile ya daftari la matukio la kituo, itakusaidia faini zikija za miezi ambayo hukuwa wewe. Usingoje Jumatatu, nenda asubuhi mapema kabla foleni haijafika mlangoni.